Nilivyomfuata Somo Mtoni

Mwanamume hakanyagi udongo wa vyungu. Hilo nililijua kabla sijajua herufi, na herufi zenyewe niliachana nazo darasa la pili, baba aliposema mtoto wa kike akijua kuandika jina lake inatosha. Kwetu huku juu, upande wa Mtae, kufinyanga ni kazi ya wanawake na shimo la udongo ni mahali pa wanawake. Mwanamume akitaka kupita karibu anakohoa tangu mbali, na sisi tunamwambia azunguke. Akikanyaga udongo mbichi, au akiruka chungu ambacho hakijachomwa, au mfinyanzi akilala na mumewe usiku wa kuamkia kuchoma, basi vyungu vyote vitapasuka motoni. Hatukuuliza kwa nini. Mtu haulizi kwa nini anakula kwa mkono wa kulia.

Tulikuwa Wakristo, tena wa kanisani kila Jumapili, na mchungaji alijua habari za shimo letu. Hakuwahi kusema neno. Mke wake alinunua mitungi kwetu.

Aliyeniingiza shimoni ni mama mkwe wangu. Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa jembe tu, udongo kwake ulikuwa wa kupandia maharage. Nilipoolewa mama mkwe alinitazama vidole, akavikunja, akavikunjua, akasema, "Hivi vitafaa." Kwa miaka kadhaa nilikanyaga, nikaponda, nikachota maji, kisha akaniruhusu kufinyanga. Alikuwa mkubwa wa shimo. Yeye ndiye aliyesema nani akae wapi, udongo upi uchanganywe na mchanga upi, na siku ya kuchoma. Nilimpenda. Nalisema hilo wazi ili anayesikia asidhani nilikuwa na chuki naye tangu mwanzo, kama wakwe wengine.

Na nilikuwa na somo yangu. Tulipewa jina moja, la bibi zetu, si la ubatizo, kwa hiyo hatukuitana kwa jina hata siku moja. Somo, somo, basi. Alifiwa na mume mapema, akabaki na nyumba ndogo nyuma ya kwetu. Alikuwa mcheshi kupita kiasi. Kwenye msiba ilibidi akae nyuma, maana akianza kusema watu wanacheka na marehemu yuko ndani.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Uhuru ulikuwa umekuja, bendera ya shuleni bado ilikuwa mpya. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge kule chini, alikuja nyumbani kwa mapumziko siku ileile tuliyokuwa tunajiandaa kuchoma. Nilimpokea, nikampa chakula, nikamwambia, "Vyungu viko tayari." Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alichukua blanketi akaenda kulala kwa kaka yake. Somo akaja kulala kwangu, kwa kuwa tulikuwa tunachoma pamoja mimi na yeye, vyungu vyangu vingi na vyake vichache. Tulilala kitanda kimoja, tukapiga soga mpaka usingizi ukatushinda.

Asubuhi kulikuwa na ukungu wa kwetu, ule unaoingia mpaka ndani ya nyumba ukalowanisha shuka. Nilivigusa vyungu, nikaona vimevuta unyevu. Nikamwendea mama mkwe.

"Shikamoo mama. Naona tungoje jua."

"Marahaba. Ungoje jua la wapi? Soko ni kesho kutwa, na watu wa arusi wameshanisumbua kwa mitungi yao. Chomeni."

"Mama, vina maji."

"Mimi nimechoma vyungu wewe hujazaliwa. Chomeni."

Tukachoma. Kuni zikashika, na moto ulipofika tumboni mwa vile vyungu vikaanza kulia pa! pa! pa!, kama mahindi kwenye kikaango. Somo alinishika mkono. Hakikutoka chungu hata kimoja kizima. Vyangu, vyake, na mitungi ya arusi.

Wanawake wa shimo walikuja wakakaa. Mama mkwe alisimama mbele yao, akauliza swali moja tu: "Mume wako amekuja lini?"

Nikasema jana.

Wakaguna. Nikasema amelala kwa kaka yake. Wakatazamana. Mmoja, mwenye mdomo kama kisu, akasema, "Kwa kaka yake, ndiyo. Na mwezi nao umelala kwa jua." Wakacheka. Nikasema muulizeni somo, nililala naye. Mama mkwe akamgeukia.

"Ulilala kwake?"

Somo alitazama vidole vya miguu yake. Yule mwanamke ambaye maneno hayakumwishia hata msibani! Akasema, "Nililala, lakini usingizi wangu ni wa jiwe. Siwezi kusema nani aliingia na nani alitoka."

Hapo ndipo mkono wangu ulipoitwa mkono mbaya. Nilitolewa shimoni. Nafasi yangu akapewa mwingine. Hawakunipiga, hawakunitukana, waliniamkia vizuri njiani na kanisani, lakini nikikaribia udongo walinyamaza mpaka niondoke. Mume wangu alikasirika, akataka kwenda kuapa mbele yao. Nikamwambia hawatamsikiliza, yeye ni mwanamume. Nilirudi kwenye maharage na kabichi kama mama yangu. Mwaka haukupita, somo akaolewa na mwanamume mmoja wa nyika, mwenye baiskeli, aliyekuwa akipandisha samaki wakavu na kushusha viazi. Wakahamia kwao, mji mdogo ulio kando ya mto Umba, mbele kidogo ya Mnazi. Alipokuja kuniaga alilia sana. Nilidhani analilia kuachana na mimi.

Miaka ikaenda. Ukaja ujamaa. Huku kwetu milimani hatukuhamishwa sana, maana watu tulikuwa tumebanana tayari, utamhamishia wapi? Lakini mikutano ilikuwa mingi. Kijiji kikaandikishwa, likapatikana shamba la pamoja mtelemkoni, na bwana maendeleo akaja kutoka Lushoto na suruali yake pana kusema kwamba akina mama wa vyungu wafanye kikundi, watajengewa banda, vyungu vitauzwa kwa pamoja. Mwenye kuwa ndani atakuwa ndani, na mwenye kuwa nje atabaki nje.

Mimi ningeweza kukaa nje mpaka kufa. Nilishazoea. Lakini nilikuwa na binti amefikia umri wa kuingizwa shimoni, na kwetu binti huingia nyuma ya mama yake. Mama akiwa hana nafasi, binti hana mgongo wa kufuata. Wenzake walishaanza kukanyaga udongo. Yeye alikuwa akifinyanga vikombe vidogo kwa matope ya njiani, akivificha akiniona. Vidole vyake vilikuwa vyangu kabisa.

Nikamwendea mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sina kinyongo. Lakini wenzako watauliza. Akiletwa mtu aliyekuwa na wewe usiku ule, akasema mbele yao kwamba ulikuwa safi, nani atakukataza?"

Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Nikafunga maharage na viazi kwenye kikapu, nikamwachia binti nyumba, nikashuka.

Kutoka kwenye ukingo wa Mtae unaiona nyika yote iko chini, tambarare, rangi ya nywele za simba, na mto umepita katikati kama mshono wa kijani. Ule mto ni maji yetu. Unatoka kwenye misitu yetu huku juu, baridi, unakimbia kwenye mawe, ukifika kule chini unanenepa na kuwa mvivu na rangi ya chai ya maziwa. Njia ya kushuka ni ya mawe, na magoti yanajua habari yake. Kila nilipopumzika joto lilikuwa limeongezeka, mpaka nikavua sweta, kisha nikafungua kanga ya juu, kisha sikuwa na kitu kingine cha kuvua.

Ule mji, kama ni wa kuitwa mji, ulikuwa mtaa mmoja. Maduka machache ya bati, mashine ya kusaga, msikiti mdogo mweupe, na barabara inayoshuka moja kwa moja mpaka kwenye kivuko cha mawe. Ng'ombe wa Wamasai walikunywa upande mmoja, akina mama walifua upande wa pili. Watu wa kila aina: Wakamba, Wapare, Wadigo, na wale waliokuja na mkonge wasirudi tena kwao. Nyumba mpya za ujamaa zilikuwa zimepangwa mstari kama watoto wa shule, za miti na udongo, na kuta nyingine zilikuwa hazijakauka. Mikoche iliinama mtoni. Nzi walikuwepo kwa ajili ya kila mtu.

Nilipovuka barabara mama mmoja aliyekuwa anafua akawaambia wenzake kwa sauti ya kunisikilizisha, "Mtazameni Mshambaa huyo! Anatembea kwenye tambarare kama anatafuta pa kushikia."

Nikamjibu, "Natafuta mtu wa nyika aliyenyooka, nimshike. Sijamwona."

Wakapiga makofi kwa kicheko. Yule mama akanyanyuka, akajifuta mikono, akanipeleka mwenyewe mpaka kwa somo. Watani wetu ni hodari kwa matusi, lakini hawatakuacha upotee.

"Somo!"

"Somo wangu jamani!"

Alikuwa amenenepa. Tulikumbatiana mpaka kikapu kikaanguka, viazi vikatawanyika uani, tukaviokota tunacheka. Mumewe alitoka akaniamkia kwa heshima, "Karibu shemeji, leo tumetembelewa na wenye baridi yao," akaenda mtoni kutafuta kambale. Nikapikiwa wali wa bondeni na samaki. Somo alinionyesha mpunga wake, bata wake, kitanda cha besera. Mgeni hatoi shida yake siku anayofika, nikanyamaza nayo. Nililala nimeridhika. Niliwaza, huyu nikimwambia kesho, keshokutwa tunapanda wote.

Asubuhi niliamshwa na sauti. Ilikuwa sauti ninayoijua kama sauti ya mtoto wangu: miguu kwenye udongo wa vyungu. Chwap, chwap, chwap. Lakini ilikuwa mizito. Nikasema moyoni, somo amekuwa mnene kweli.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na banda la makuti. Ndani ya banda mumewe alikuwa amekunja suruali hadi magotini anakanyaga udongo, na wanaume wengine wawili pamoja naye, wameshikana mabega, wanaimba ule wimbo wa kazi wa kwenye mkonge. Mwanamume wa nne, mzee, alikuwa amekaa chini na chungu kibichi mapajani, anakilainisha mdomo kwa gunzi la mhindi. Kando kulikuwa na vyungu vilivyokwisha kuchomwa, vimepangwa viwili viwili mpaka ukutani. Nilivisogelea. Nikainama nikagonga kimoja kwa kidole. Kililia vizuri. Nikagonga cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa vizima. Vilikuwa vizuri kuliko vya kwetu.

"Shemeji umeamka!" mumewe akasema. "Karibu kiwandani. Huku kwetu ujamaa haubagui, wote tunakanyaga."

Somo alitoka jikoni na kijiko mkononi, akaniona nilipo, na kicheko chake kikafa. Ndipo nilipojua kuna jambo kubwa zaidi ya vyungu. Mtu asiye na deni nawe hakutazami vile.

Nikamshika mkono tukaenda mtoni, mbali na akina mama wa kufua.

"Tangu lini wanakanyaga?"

"Somo, huku ni desturi nyingine. Bwana maendeleo ndiye aliyesema..."

"Nimekuuliza tangu lini. Mume wako amekanyaga udongo wako tangu lini?"

Alichuma jani la mkoche akalichana, akalichana tena. Akasema, "Tangu huko juu."

Akaniambia yote pale. Kwamba yule mwanamume alianza kumtembelea alipokuwa angali mjane, anakuja na baiskeli alfajiri kabla watu hawajatoka. Alimbebea udongo, na siku nyingine alimkanyagia, mlemle ndani ya nyumba yake. Ule udongo wa siku ile, wa vile vyungu vyake vichache, aliukanyaga huyo mwanamume. Na si siku ile tu. Mitungi yake ya mwaka mzima uliotangulia ilikuwa imepita kwenye miguu ya mwanamume, ikachomwa pamoja na ya wenzake, ikatoka mizima, ikauzwa.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema.

"Nilijua nini?"

"Ulijua kwamba si mwanamume anayevunja vyungu. Ulikaa pale, ukajua ni maji ya ukungu, na ukajua nimelala na wewe, na ukasema usingizi wako ni wa jiwe."

"Ningesema nilikuwa macho, wangeniuliza mimi. Wangekuja nyumbani kwangu, wangeona alama za viatu. Mimi nilikuwa mjane, somo. Wewe una mume, una watoto, una mama mkwe mkubwa wa shimo. Nilisema, huyu watamsamehe. Watamsamehe baada ya mwezi. Mimi wangenifukuza kama mbwa."

"Hawakunisamehe."

"Nimesikia."

"Ulisikia, na ukakaa huku unakula kambale."

Alilia. Nami, nasema kweli, machozi yake hayakunigusa hata kidogo, nilikuwa nimeyaona mara ya kwanza aliponiaga na sasa nilijua yalikuwa ya nini. Nikamwambia shida iliyonileta. Nikamwambia habari za binti yangu. Sikumtaka aseme habari za mumewe, nilimtaka aje aseme neno moja tu: nililala naye, mume wake hakuja.

Ng'ombe waliingia majini, wakatoka. Kisha akasema, "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Wataniuliza kwa nini sikusema siku ile. Maneno yatazaa maneno. Vyungu vyetu vinapanda huko kwenu kwenye soko, akina mama wa huko wanavinunua kwa sababu ni vya somo wako, wanajua mimi nimefundishwa shimoni. Wakijua vinakanyagwa na wanaume hakuna atakayeingiza hata kimoja nyumbani kwake. Hapa kijiji kizima kinakula kwa vyungu hivi." Akajifuta pua kwa kanga. "Hata mama mkwe wako, chungu chake cha maharage ni changu."

Niliondoka siku ileile. Mumewe alitaka kunipakia kwenye baiskeli mpaka chini ya mlima, nikakataa. Aliniambia, akiwa hajui lolote, au pengine anajua yote, "Shemeji, mbona haraka? Hata vyungu vyetu hujavisifu." Nikamwambia vinalia vizuri. Hiyo ilikuwa kweli na sikutaka kumnyima.

Kupanda ni kubaya kuliko kushuka, lakini mtu mwenye hasira hachoki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitasimama katikati ya shimo, nitawaambia: nendeni mkatazame. Miaka yote mliyoninyamazia mmekuwa mkipikia vyungu vya miguu ya wanaume, na midomo yenu haikuoza. Nilimwona yule mwenye mdomo kama kisu akikosa pa kuuweka. Nilijiona nikiombwa radhi, na wao wakizidi kuniomba. Kitu kimoja tu kiliniumiza katika mipango ile: mama mkwe. Nilisema, mzee wa watu, ameishi kwa mwiko huu tangu utoto, leo nitamvunjia. Nikaamua nianze naye peke yake, kwa upole.

Nilimkuta shambani kwake, anang'oa maharage. Nikamwamkia, nikaweka kikapu, nikaanza kung'oa pamoja naye kwenye mstari. Nikasema taratibu kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Hakuacha kung'oa. Nilipomaliza alipukusa udongo kwenye mizizi, akauliza, "Na mkubwa wao huko ni nani? Wa hilo banda?"

"Mwenyekiti ni mwanamume. Yule mzee wa gunzi."

"Na somo wako anafanya kazi gani?"

Nikafikiri. Nikakumbuka kijiko mkononi mwake. "Anachota maji. Na anawapikia."

"Basi," akasema. "Umejionea mwenyewe."

"Nimejionea nini, mama?"

Akanyooka, akashika kiuno. "Unadhani mimi nilikuwa sijui? Kile chungu cha maharage cha somo wako, nilipokinunua nilikitia mkono ndani. Kimekanyagwa na mtu mwenye uzito. Bibi yangu alijua, na bibi yake alijua. Mwanamume hapasui chungu. Mwanamume anakichukua. Akiingia shimoni leo anakusaidia kukanyaga, kesho anauza yeye, kesho kutwa wewe unampikia. Kama si mwiko, utamzuia kwa kitu gani? Kwa fimbo?"

Nilikuwa nimeshika maharage mikono miwili. Nilimtazama mtu huyu aliyenikunja vidole nilipokuwa mwali.

"Siku ile vyungu vilipasuka kwa ukungu," nikasema. "Nilikwambia vina maji. Ulisema tuchome."

"Nilisema."

"Ulijua mume wangu hakulala kwangu."

"Mwanangu nilimzaa mimi. Alipita kwangu asubuhi akitoka kwa kaka yake, akanywa uji."

Alinywa uji! Alisema hivyo, kama mtu anayesema leo kuna jua.

"Sasa kwa nini, mama?"

"Kwa sababu wote walikuwa wamekaa pale wanangoja kusikia. Ningesema ni mimi nimekosea kwa haraka, kesho mtu mwingine angechoma wakati wowote autakao na kumruhusu amtakaye, maana mkubwa wa shimo hajui kitu. Vilipasuka, ilibidi viwe vimepasuliwa na mwiko. Na wewe ndiye uliyekuwa na mume nyumbani." Akainama tena kwenye mstari. "Nilijua utavumilia. Wengine wasingeweza."

Watu huniambia nilikuwa na mama mkwe mwenye busara. Ndiyo. Namjua kuliko wao. Busara yake ilikuwa na uzio, na mimi nilikuwa mti mmoja uliokatwa ukachomekwa kwenye huo uzio. Mti hauulizwi.

Tulifika mwisho wa mstari. Ndipo akaniambia namna itakavyokuwa. Alhamisi niende shimoni na binti yangu. Yeye atawaambia wenzake kwamba somo amekataa kuja, na kwamba sasa miaka imetosha, atanisafisha. Nitaoshwa mikono mbele yao, na nafasi yangu itarudi, na binti ataingia nyuma yangu. Habari za mtoni sitazitamka.

"Nioshwe kosa gani?"

"Unataka binti yako aingie au hutaki?"

Nilikaa na swali hilo hadi Alhamisi. Mume wangu sikumwambia; angekwenda kumuuliza mama yake, na mtu na mama yake nisingependa kuwatenganisha. Ningeweza kusema yote mbele yao, na shimo lingefunguka kwa wanaume kabla mvua hazijaisha. Bwana maendeleo alikuwa na watu wake wa kuweka. Ningekuwa safi, na binti yangu angekuwa mpishi wa banda. Kila upande niliogeukia, walikuwa wameshafika kabla yangu na kufunga mlango.

Alhamisi nilikwenda. Wanawake walikuwa wamekaa duara, mpaka yule wa mdomo wa kisu alikuwa amevaa kanga nzuri. Walifurahi kwa dhati, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mama mkwe alileta maji kwenye chungu, yamelowekwa majani machungu, akaniambia nipige magoti. Nikapiga. Alinimiminia mikononi huku akisema maneno yanayotakiwa: kilichoingia kitoke, kilichochafuka kitakate, mkono huu urudi kuwa mkono. Sauti yake haikutetemeka. Alinisugua kidole kimoja kimoja, polepole, vile vidole alivyovijua yeye kuliko mtu mwingine kwamba havina kitu. Mara moja tu aliinua macho. Nikamtazama mpaka akayashusha.

"Umetakata," akasema.

Wakapiga vigelegele. Binti yangu alikuwa akilia kwa furaha nyuma yangu. Mama mkwe akanipa kitambaa cheupe, kipya, alichokuwa amekileta kwa ajili hiyo, nijifute.

Sikukipokea. Nilimwacha amekinyoosha mbele ya watu wote, mkono wake ukiwa hewani, nikajifutia kanga yangu mwenyewe. Kisha nikaenda nikakaa mahali pangu, nikamwita binti akae kushoto kwangu, nikamkatia udongo.